Gari Lililogoma Busawe

Bomani, Tarime
10 Machi 2024

Dada Zilpa,

Shikamoo. Habari za Busawe na za shule? Hapa Bomani tunaendelea, joto tu limezidi na vumbi la barabarani linaingia mpaka kwenye mashine ya fotokopi. Duka linakwenda. Mwanangu Vivian amerudi bweni salama, kaniachia orodha ya mahitaji utadhani anahamia nchi nyingine. Kalkuleta hii ni ya tatu tangu aingie kidato cha tatu, sijui huko wanazitafuna. Shangazi Gladys alivuka kutoka Migori wiki iliyopita, akakaa siku mbili, akaniuliza kama niko sawa ama najikaza tu. Kisha akakusema na wewe kwamba humtembelei. Nimeyapokea yote kwa niaba yetu wawili.

Usishtuke kuona barua. Najua nina simu, na najua umenipigia. Lakini simu yako ukiongea nayo inasikika mpaka kwa jirani, na mimi siku hizi kwenye simu maneno yananikimbia. Nimempa Clement, yule dereva wa gari la Mugumu, nikamwambia akukabidhi mkononi, shuleni, asiipeleke nyumbani.

Nimeandika kwa sababu ya gari. Kuna bwana anaitwa Projestus, mtumishi wa halmashauri, mtu wa Kagera, kapata uhamisho na anauza Noah yake. Ni namba E, usajili wa juzi tu, haijapigwa hata mkwaruzo. Corolla yangu ni namba B ya zamani, unaijua ilivyo. Sasa niko njia panda. Corolla haili mafuta, spea zake zinapatikana hata dukani kwa muuza sukari, na Simon wa gereji anaifungua akiwa amefumba macho. Lakini iko chini mno. Nikitoka kwenye lami inakwaruza tumbo kila jiwe, na mtu mzima akikaa nyuma magoti yanagusa kidevu. Noah iko juu, ina viti mistari mitatu, na mlango wake unasukumwa tu pembeni, mtu anaingia bila kujikunja. Ubaya wake ni mafuta, na ukishakuwa na gari la watu wengi kila msiba na kila harusi unaitwa wewe.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, nipimie. Ungekuwa mimi ungekaa na lipi?

Msalimie Wegesa. Mwambie nyumba iko salama na kuku wake wanataga. Na mgonjwa naye, mpe pole.

Mdogo wako,
Okal


Busawe
2 Aprili 2024

Okal,

Marahaba. Barua yako ya tarehe kumi nimeipata tarehe ishirini na nane. Clement aliisahau kwenye mfuko wa suruali na mkewe nusura aifue. Kaniletea imejikunja, kanyenyekea, nikamsamehe.

Pasaka tumesali vizuri. Mvua imeanza kwa fujo na bati la darasa la nne limeondoka, kwa hiyo la nne na la tano nawafundisha pamoja, wote sabini na kitu. Mahindi yamekaa vizuri. Gladys mwambie nauli ya Migori haioti shambani, yeye ndiye mwenye watoto wafanyabiashara.

Umempa pole mgonjwa. Kwa kuwa hukumtaja jina wala hukuuliza anaumwa nini, ngoja nikueleze, labda umesahau. Mgonjwa ni Mama Editha, mama mzazi wa mkeo. Mfupa wa paja ulivunjika. Hospitali walimlaza wiki tano, mguu ukivutwa kwa uzito, kisha wakaturudishia na maelekezo. Kwake hakuna sakafu wala choo cha karibu, kwa hiyo analala kwangu, chumba cha mbele, na Wegesa analala chini kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Mkeo ndiye anayemgeuza, ndiye anayemwogesha. Tangu Februari, hospitalini na sasa hapa. Mimi na wewe tukiongea kwenye simu wote wawili wanasikia, ndiyo maana nami nakujibu kwa barua. Naandika ofisini saa ya uji.

Watu wanauliza. Hapa kila mtu anajua ulikuwepo Jumapili ile. Ulikuja kunitembelea, gari likasimama chini ya dirisha langu tangu Jumamosi, linang'aa. Asubuhi mama wa watu kaanza kutapika na kuharisha, kufika saa nne hawezi kusimama. Tukamleta hadi kwangu kwa sababu yako, kwa sababu kuna gari. Ukawasha mara mbili, tatu, ukatoka, ukafungua boneti, ukasema limegoma. Ndipo tukamfunga kwa kanga kwenye bodaboda, dereva mbele, Christina jirani yake nyuma akimshikilia, waende Mugumu. Pale kwenye kalvati lililomeguka pikipiki ikateleza. Christina alichubuka mkono. Mama akaangukiwa na pikipiki.

Umeniuliza gari lipi ni zuri. Mimi sijui magari, najua kufundisha. Lakini kabla sijakupimia nina swali moja. Lile Corolla lilipogoma, Simon alikuta nini kimeharibika?

Wegesa hajambo. Salamu zako nimempa, kaitikia.

Dada yako,
Zilpa


Bomani, Tarime
21 Aprili 2024

Dada Zilpa,

Shikamoo. Barua nimeipata siku ya nne tu, Clement safari hii kajitahidi. Pole na bati la shule. Vivian amepata alama nzuri ya Biolojia, Hesabu sisemi, naogopa utachukua gari la asubuhi uje umchape. Shangazi Gladys ametuma samaki wakavu, nimekuwekea fungu lako.

Wiki hii Projestus kaniachia Noah nikaijaribu siku nzima. Nilikwenda nayo hadi Sirari na kurudi, kisha nikaiingiza njia ya udongo makusudi. Dada, ni tofauti. Corolla ukipita kwenye shimo unalisikia mgongoni, Noah inapita tu. Breki ni nzuri. Gia hubadilishi, inajibadilisha yenyewe. Nilijaribu pia kulala kwenye kiti cha katikati, kikikunjwa mtu ananyoosha miguu yote. Simon kailalia chini, kaitazama injini, kasema sioni ubaya. Kasema pia Corolla bado ina maisha, tena kwa mtu mwenye duka dogo ingemtosha.

Swali lako.

Simon hakukuta kitu. Gari halikugoma.

Dada, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Wewe unajua mila, umezaliwa nayo. Yule ni maro wangu, mama mkwe. Tangu nimwoe Wegesa sijamshika mkono, sijakula mbele yake, na yeye akiniona njiani anapinda pembeni kunipisha kwa heshima, nami nampisha. Sasa Corolla ile unaijua. Ningempakia wapi? Kiti cha mbele, bega kwa bega na mimi? Kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye shingo yangu, naye katika hali ile, nguo zimelowa, watoto na watu wazima wamejaa wanatazama? Ningemwonaje tena maisha yangu yote, na yeye angenionaje? Nilishikwa na woga. Nikaona heri niseme gari bovu kuliko kumvunjia mama heshima mbele ya watu wake. Nilijua bodaboda zipo, na kila siku zinabeba wagonjwa. Nani angejua kalvati limemeguka?

Ndiyo maana nataka Noah. Ina mistari mitatu. Mgonjwa anakaa nyuma kabisa, dereva yuko mbele, katikati kuna nafasi ya kutosha heshima ya mtu. Ningekuwa nayo Februari haya yote yasingetokea.

Usimwonyeshe Wegesa barua hii.

Okal


Busawe
19 Mei 2024

Okal,

Marahaba. Nimechelewa. Nitasema ni mitihani ya muhula, na kweli mitihani ilikuwepo. Lakini karatasi hii nimeianza mara nne nikaichana.

Sisi wazima. Mama Editha ameanza kukaa kitandani kwa kuegemezwa. Mguu mmoja umekuwa mfupi, huhitaji kupima kujua.

Nilijua gari halikugoma. Nilijua tangu siku ileile. Pikipiki ya kwanza ilipoondoka na Mama nilibaki nikitafuta ya pili niwafuate, nikawa nimesimama nyuma ya ghala la shule, nikakuona unawasha. Liliwaka mara moja. Ukapita njia ya juu, ile isiyopita kwa watu, ukaenda zako Tarime. Niliita jina lako. Sijui kama ulisikia, na usiniambie.

Jioni ile Wegesa akapiga simu kutoka huko Bomani, analia, anauliza mume wake alikuwepo, kwa nini mama yake kapelekwa kwa pikipiki. Nikamjibu gari liligoma. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Sasa ni zaidi ya miezi miwili anaamka usiku kumgeuza mama yake ndani ya nyumba ya mtu aliyemdanganya, asubuhi ananichemshia chai. Mimi ndiye niliyekupeleka kwao kuposa. Nilikaa kwenye kiti chao nikawaambia ndugu yangu ni mtu wa kumwamini. Nikipita sokoni siku hizi natazama chini.

Kuhusu heshima ya ukwe, usinifundishe. Nilimuuliza mzee Kornelio, mzee wa kanisa na wa mila pia, bila kutaja jina la mtu. Kasema mama mkwe akiugua anafunikwa kanga mpaka usoni, anapakiwa, mkwe anaendesha bila kugeuka, akipona wanatakasana kwa kuku mmoja na mambo yanaisha. Kasema hata wazee wa zamani walijua hivyo. Na kama uliona vibaya kabisa, Sylvester mjomba wake Wegesa alikuwa amesimama pale pale na leseni mfukoni, kaendesha malori miaka kumi. Ungempa funguo, wewe ukapanda bodaboda. Hukuona hilo? Wewe ambaye unaona mkwaruzo wa gari la mtu kwa mbali?

Lakini si hilo lililonifanya nichane karatasi. Ni hili. Mama Editha naye alijua gari si bovu. Alilisikia likiwaka nyuma yao, anasema. Na unajua anawaambia nini wageni wanaokuja kumpa pole? Anawaambia mkwe wake ana adabu ya watu wa zamani. Anasema alikataa kumpakia ili asimwone katika aibu yake, na kwamba vijana wa sasa wangembeba tu kama gunia. Anasema hivyo akiwa amelala na mguu huo. Wanawake wanaitikia, wanakusifu. Wegesa ameanza kuamini, juzi nimemsikia akikutetea kwa Christina.

Kwa hiyo kama ni heshima kweli, Okal, umeshinda. Kaa na Corolla yako au nunua Noah, huku jina lako ni zuri. Nami nitafurahi kwa ajili yako nikiweza.

Zilpa


Bomani, Tarime
2 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Projestus alikuja Ijumaa kuikagua Corolla, kwa sababu tumekubaliana anaichukua na mimi naongeza pesa juu yake. Alizunguka, akapiga matairi teke, akafungua mlango wa nyuma. Akapitisha kiganja kwenye kiti. Akacheka, akasema, "Bwana Okal, hili gari linaonekana halijawahi kubeba mgonjwa wala samaki."

Nilimwacha hapo nikaingia dukani.

Viti vile niliviweka ngozi mpya Alhamisi kabla sijaja kwako. Rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeagiza fundi kutoka Musoma, na nilikuja Busawe kwa sababu ya viti, dada, si kwa sababu yako. Nilitaka muone. Nilitaka wakwe zangu walione gari limesimama kwa Mwalimu Zilpa. Mlipomleta Mama Editha mmemshika makwapa, nilisikia harufu. Niliona sketi yake na nikaona matope ya miguuni kwake, nikageuka nikatazama viti. Hicho ndicho nilichokitazama. Sikuwaza maro, sikuwaza mila. Niliwaza rangi ile haitatoka.

Kwenye kuwasha nilikuwa naachia ufunguo mapema kusudi lisishike. Ni kitu kidogo sana, kidole tu.

Mila niliikumbuka njiani, nimeshapita Nyamwaga, nikaona hiyo itafaa kusemwa mtu akiniuliza. Nilifurahi kabisa kuipata. Kisha wewe ukaniandikia kwamba yeye mwenyewe keshanisemea, tena kwa kunisifu. Tangu siku hiyo chakula kinanikwama. Angenitukana ningekula.

Sitaki Wegesa ajue. Nakuomba hilo kwa magoti. Mke anaweza kumvumilia mwanaume mwoga wa mila, lakini huyu wa viti hatamvumilia. Akijua harudi, na mimi bila Wegesa sijui nitaishi vipi, nakwambia ukweli, kuku wake tu wananishinda.

Noah nimeichukua. Ipo hapa nje. Mama akihitaji kupelekwa popote niambie.

Okal


Busawe
11 Juni 2024

Okal,

Barua yako nimeisoma kwenye masomo ya likizo watoto wakiandika imla. Nikakosea kuwasomea, wakanicheka.

Sikujibu kwa hasira. Nilidhani nitakuwa nayo. Nimeikuta haya tu, yako na yangu, sijui hata ipi ni ya nani. Wakati ule unazungusha ufunguo mimi nami nilikuwa nawaza majirani wanavyoliona gari la mdogo wangu. Nililifurahia. Nilimwambia Christina asiliegemee.

Jumatano tarehe ishirini na sita Mama anatakiwa kliniki ya mifupa Mugumu. Njoo na Noah. Mimi nitakuwa shule. Wegesa ataenda naye.

Sitamwambia. Si kwa sababu umepiga magoti. Ni kwa sababu nimeshamwongopea mara moja kwa ajili yako, na ukweli huu ukipitia kwangu utakuwa umebebwa na mtu mwingine tena. Ni wako. Lakini akiniuliza uso kwa uso sitasema gari liligoma. Hilo limekwisha.

Na usilete zawadi. Usilete sukari, usilete kitenge. Njoo hivyo hivyo.

Zilpa


Bomani, Tarime
30 Juni 2024

Dada Zilpa,

Shikamoo. Umepiga simu mara tatu kuuliza ilikuwaje Jumatano, kwa sababu uliporudi kutoka shule ulikuta Noah uani na mimi sipo, na ndani hakuna aliyetaka kukuambia. Nisingeweza kwenye simu. Ngoja niandike pole pole.

Nilifika saa moja na nusu. Wegesa kakonda. Alinisalimia vizuri, hata akanigusa begani, akasema asante kwa kuja. Sylvester na Christina wakamtoa Mama amebebwa kwenye kiti cha mti, amefunikwa kanga kichwani kama mzee Kornelio alivyosema. Mimi nikasimama mbele ya gari nimewapa mgongo. Wakamlaza kiti cha katikati. Kioo cha ndani cha kuangalia nyuma nilikigeuza juu nisimwone, nikatumia vya pembeni tu. Wegesa akakaa mbele na mimi. Tangu Februari hajakaa karibu nami vile. Njiani aliniuliza habari za Vivian, nikamweleza ya kalkuleta akacheka. Nikajiambia basi, yameisha, Mungu amenipa njia.

Lile kalvati bado halijatengenezwa. Noah ilipita bila shida.

Kliniki walipiga picha. Daktari alisema mfupa umeunga, lakini umeunga vibaya, na fimbo hataiacha tena. Wegesa aliniletea maneno hayo nje kwenye benchi. Baadaye nikaenda kusimama upande wa pili wa uwanja nikingoja dawa zitoke. Kulikuwa na wanawake wengi wamekaa kwenye foleni na Mama katikati yao. Nikaona ananyoosha mkono kunionyesha. Sikusikia, lakini Wegesa alikuja akaniambia akitabasamu, "Mama anawaambia yule ndiye mkwe wangu mwenye heshima." Na wanawake wote wakageuka wakaniinamishia vichwa, dada, watu wazima, na magongo yao.

Nilikwenda nikakaa nyuma ya gari, wasipoweza kuniona.

Tulipokuwa tunarudi, tumebakiza kama nusu saa kufika kwako, niliegesha pembeni nikazima. Wegesa akauliza, limegoma? Aliuliza kwa utani kabisa. Nikamwambia halikugoma, wala lile la kwanza halikugoma. Nilimwambia yote, nikiwa nimetazama mbele. Nilimwambia habari ya viti na rangi yake, na ya kidole changu kwenye ufunguo, na furaha niliyoipata nilipoikumbuka mila. Nilijua nyuma yangu Mama anasikia. Kwa mila siwezi kumwambia Mama Editha jambo kama hilo mdomo kwa mdomo, lakini mume na mke wakiongea ndani ya gari, mtu aliyeko nyuma ana masikio. Nililiwaza hilo kabla. Nilitaka asikie.

Nikamaliza. Wegesa alikuwa anatazama mikono yake. Ng'ombe walipita barabarani, kundi refu, tukangoja wote watatu mpaka likaisha.

Kisha Mama akaanza kuongea kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Kidogo ninachokijua kilinitosha, lakini Wegesa alinitafsiria hata hivyo, neno moja moja, bila kunitazama.

"Mama anasema alijua. Anasema aliona ulichokuwa unakitazama. Ya heshima aliyasema kwa ajili yangu mimi, watu wasinicheke kwamba nimeolewa na nani."

Mama akaongeza. Wegesa safari hii alichelewa kutafsiri. Aliweka mkono mdomoni kwanza.

"Anasema siku ile alikuwa ameshafungua kanga yake ya juu aitandike kwenye kiti chako, asikuchafulie. Alikuwa anakungoja tu ufungue mlango."

Nadhani kuna kitu nilisema. Sikumbuki. Wegesa alishuka, akausukuma mlango wa pembeni, akaingia nyuma, akakichukua kichwa cha mama yake akakiweka mapajani. Nikaendesha hivyo hadi Busawe, wao nyuma na mimi mbele peke yangu, kama dereva wa kukodi.

Pale kwako Sylvester alimshusha. Wegesa alibeba dawa. Nilimuuliza kama atakuja Bomani. Akasema, "Mama yangu ana mguu wa kuuguza," akaingia ndani. Sikumfuata. Funguo za Noah nimempa Sylvester, anajua kuendesha na ataitunza, kliniki ziko nyingi. Nikapanda gari la Clement nikarudi.

Vivian, waliyembakiza bweni likizo nzima kwa masomo, anakuja nyumbani Ijumaa. Ataniuliza mama yake yuko wapi na kwa nini, na ni mtoto mkubwa sasa. Usiku wa jana nilijaribu kutunga la kumwambia na nikajikuta naanza vizuri sana, dada, linatoka laini, halina kasoro. Nikaamka nikawasha taa nikakaa. Nitamwambia jinsi ilivyokuwa.

Nawe nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu kwa moyo kama huu. Mtu akija hapo kwako akaanza kunisifu, hata kama ni Mama mwenyewe, usinyamaze.

Mdogo wako,
Okal